Ndugu yako kauawa, Ireland ya mwaka 700: mchukue ng'ombe, mumchukue mtu, au mlipize?

Chukulia we ni mfugaji wa kawaida Ireland, mwaka 700 hivi, una ng'ombe wako 12 na kashamba, afu asubuhi moja unaletewa habari mdogo wako kauawa na jirani wa ukoo mwingine, ugomvi wa mpaka. Polisi hamna. Gereza hamna. Mfalme yupo, tena wafalme wamejaa, kila kaeneo (wenyewe wanaita túath) kana wake, ila kukimbizana na wauaji siyo kazi yake. Kuna jaji, brithem, kasomea sheria miaka na miaka, atakwambia unadai nini na unamdai nani, akishasema hivo yeye kamaliza. Kumfanya yule jirani alipe ni shughuli yenu wana ukoo.

Basi mmekaa kikao. Mama analia ndani, wazee kila mmoja na lake, mmoja anataka ng'ombe, mwingine anataka yule mtu aletwe hapa kafungwa kamba, na kuna kijana kule nyuma haongei ila mkuki keshaushika. Sheria inawajua wote watatu. Nalinganisha hapa njia zao, pamoja na ya nne ambayo ni ya pale mtu kajeruhiwa tu hajafa, nikifuata maandiko yaliyoandikwa kati ya 650 na 750 hivi, hasa mkusanyiko wa sheria unaoitwa Senchas Már na kitabu cha vyeo kinachoitwa Crith Gablach.

Kabla hamjaanza kubishana

Kwanza cheki kama mna kesi. Kama mdogo wako kauawa vitani, au kakamatwa anaiba akauawa palepale, hamna cha kudai. Na kama aliyemuua ni wa ukoo wenu wenyewe, hapo ndo pabaya kuliko pote. Wao wanaita fingal. Ukoo unaotakiwa kulipa na ukoo unaotakiwa kulipwa ni mmoja, sasa nani amlipe nani? Aliyefanya hivo anapoteza fungu lake la ardhi ya ukoo, ila madeni ya ukoo anaendelea kubeba kama kawaida.

Kama mna kesi, pimeni kila njia kwa maswali haya: mnapata nini mkononi, mzigo anabeba nani upande wa pili, nyie mnahitaji nguvu gani ili itimie, na ikiharibika inaharibika vipi. Nitayafuata hayohayo kila njia, ila zingine zina maneno mengi zingine machache, mnivumilie.

Hesabu nazo mziweke kichwani. Kipimo kikubwa ni cumal, neno ambalo maana yake ni mjakazi, ndo ujue biashara ilianzia wapi, ila kwenye malipo cumal 1 kwa kawaida inahesabiwa kama ng'ombe 3 wa maziwa. Kipimo kidogo ni sét, nusu ya ng'ombe.

Njia ya kwanza: kuchukua malipo (éraic na bei ya uso)

Mnachopata ni vitu viwili, na watu wengi wanavichanganya. Éraic ni malipo ya mwili wa aliyekufa: cumal 7 kwa mtu huru yeyote, yaani ng'ombe 21. Mtu huru yeyote, nasisitiza, maana hapa ndo nilishangaa. Jamii yenyewe imejaa vyeo mpaka kero, kila mtu ana daraja lake mpaka upana wa nyumba umeandikwa, ila éraic ya mfalme na ya mfugaji wa ng'ombe 7 ni ileile. (Mtumwa hayumo, malipo yake anapewa mwenye mali.)

Tofauti ya vyeo inakuja kwenye kitu cha pili, lóg n-enech, na maana yake neno kwa neno ni bei ya uso. Sisi tunaosema uso umeumbwa na haya hatuhitaji kuelezwa sana: ukimuua ndugu yangu umenivua nguo mbele za watu na mimi, kwahiyo nami nalipwa, kwa bei ya uso wangu. Mfugaji mdogo, ócaire, uso wake ni sét 3, ng'ombe mmoja na nusu. Mwenye uwezo kidogo, bóaire, sét 5. Mfalme wa túath ni cumal 7. Ndugu wa karibu analipwa zaidi, wa mbali anapata kipande, na hata waliolelewa pamoja na marehemu wana fungu lao, maana Ireland ile watoto walikuwa wanapelekwa kulelewa nyumba nyingine na udugu wa kulelewa ulikuwa udugu kweli.

Tena kama muuaji aliuficha mwili, hilo ni kosa linaitwa duinetháide na malipo yanakuwa mara mbili. Sheria inamtaka mtu akishaua atangaze.

Mzigo unabebwa na nani? Chukua muuaji ni ócaire. Crith Gablach inamhesabia ng'ombe 7, nguruwe 7, kondoo 7 na farasi mmoja. Anadaiwa ng'ombe 21 kabla ya nyuso za watu hazijaanza kuhesabiwa. Hata tajiri wa kijiji, mruigfher, ana ng'ombe 20, madume 2 na maksai 6, akimaliza kulipa hana wa kukamua. Kwahiyo analipa kwanza yeye mwenyewe, inayobaki inashukia ukoo, derbfhine, wote wanaotokana na baba mmoja wa babu kwa upande wa kiume. Akitoroka ndo kabisa, ukoo unalipa. Na hapo utaona ujanja wa mfumo: wajomba na binamu wa muuaji, ambao kila mmoja anaona ng'ombe wake anaondoka, ndo wanaokuwa polisi wake kuanzia siku hiyo, na wakichoka naye kuna taratibu za kumkana hadharani ili asiwatie hasara tena.

Njia hii haikuwa ya mauaji tu. Aliyembaka binti aliyefikia umri wa kuolewa, mke mkubwa au mtawa anadaiwa éraic nzima, juu yake bei ya uso wa baba, mume au yeyote anayemsimamia, na akizaliwa mtoto gharama za kulea ni zake. Sheria inataja nguvu (forcor) na kumvizia aliyelala au aliyelewa (sleth), na malipo ni sawa. Kinachokera, na sitakificha, ni kwamba pesa nyingi hapo inapita kwa wanaume wake. Kuna na watazamaji pia: uliyefuatana na wahalifu na kushangilia unadaiwa, na uliyesimama ukaangalia bila kuzuia unadaiwa kwa sehemu. Wale wa kutoa simu na kurekodi watu wakipigana wangefilisika.

Nyie mnahitaji nini? Wadhamini. Hili ndo lililo chini ya kila kitu humu. Makubaliano yanasimama kwa sababu kuna watu wa heshima wamejiweka katikati, kuna wa kulazimisha (naidm), kuna wa kulipa kwa mali yake mdaiwa akigoma (ráth), na kuna wa kujitoa mwenyewe akashikiliwa (aitire). Mdaiwa akiwageuka, nao nyuso zao zimo hatarini, kwahiyo watamkaba. Akigoma bado kuna athgabáil, kukamata ng'ombe wake kwa utaratibu: unatoa taarifa, unasubiri siku zilizowekwa, unaswaga mifugo, na wasipokombolewa wanahama kwako kidogo kidogo. Ukiruka hatua we ndo unageuka mkosaji.

Ikiharibika, inaharibika kwa kucheleweshwa: wanalipa ng'ombe wanne leo, watano mwakani, ndama anaumwa, mnabishana.

Inawafaa wenye watoto wa kulisha, na kesi ambapo upande wa pili una mali na jina la kulinda. Na ilidumu, jamani. Edward wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1277 alisema sheria za Waairishi zinamchukiza Mungu, miaka 300 baadaye bado zipo. Sir John Davies, mwanasheria wa serikali ya Kiingereza kule, anasimulia kwamba serikali ilipotaka kumpeleka afisa wake Fermanagh, mtawala wa huko Maguire alijibu kwamba karibuni, ila mniambie kabisa éraic yake ni kiasi gani, ili watu wangu wakimkata kichwa nijue cha kukusanya.

Njia ya pili: kumchukua mwenyewe (cimbid)

Hii inafunguka pale malipo yameshindikana. Wasomaji wa pwani mnaojua dia (fidia ya damu) msichanganye hapa. Kwenye sheria ya Kiislamu warithi wanaweza kuchagua kisasi, dia au kusamehe hata kama muuaji ana uwezo. Ireland, muuaji akilipa yote, mlango wa damu umefungwa. (Na kwa wanaosema mambo haya ni ya kale, mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kumalizana kwa fidia.)

Mnachopata ni mtu. Mnamfunga, na maisha yake yako kwenu: mnaweza kumuua, kumuuza utumwani, au kumwachia mtu amkomboe. Hilo la mwisho ndo la kuliangalia kwa makini, maana kuna mabwana wenye ng'ombe wengi wanaotafuta watu. Bwana anawalipa nyie, anamchukua yule jamaa, na jamaa anakuwa fuidir wake, mpangaji asiye huru sawasawa. Sheria ina majina ya mafuidir wa aina hii, yupo aliyekombolewa kwenye mti wa kunyongea na yupo aliyetolewa shimoni. Mnapata ng'ombe, bwana anapata mtu wa kulima, muuaji anapata kuishi.

Mzigo anabeba yeye peke yake, ndugu zake wameshamwachia. Mnachohitaji ni nguvu ya kumshika na kumlinda asitoroke. Ikiharibika, ni kwamba hakuna wa kumkomboa, mnamlisha tu, mpaka siku mnatakiwa kuamua kumuua kwa mikono yenu, na kuua mtu aliyefungwa siyo kama kuua kwenye hasira, yule mjomba aliyekuwa anapiga kelele kikaoni siku hiyo atakuwa na safari.

Inawafaa wanaodai mtu asiye na ukoo wala mali, hasa kama jirani kuna bwana anayekomboa watu.

Njia ya tatu: kulipiza

Kijana mwenye mkuki hajakosea sheria. Malipo yasipotolewa, kulipiza siyo ruhusa tu, ni wajibu wa ukoo, na ukoo unaoacha damu ya mtu wake iende bure unadharaulika. Mnachopata ni hicho tu, heshima, hamna ng'ombe. Mzigo unaweza kuangukia watu ambao hawakuua mtu. Nguvu inayohitajika ni vijana wa kutosha na uhakika wa kwamba upande wa pili ni wadogo kuliko nyie, na uhakika huo huwa mnaupata mkishachelewa.

Senchas Már ina dibaji yenye hadithi kuhusu jambo hili. Ni hadithi, siyo historia, ila inaonyesha wanasheria walivyokuwa wanajiuliza. Mfalme Lóegaire anaamuru mtu wa msafara wa Mtakatifu Patrick auawe ili waone kama kweli atasamehe. Muuaji anaitwa Nuadu Derg. Patrick anampa mshairi Dubthach ahukumu, na Dubthach anatoka na hukumu ya ajabu: mwili uuawe, roho iende mbinguni. Kisasi kimepata chake, msamaha umepata chake. Halafu andiko linaongeza kwamba baada ya Patrick hamna tena mwenye uwezo wa kumpa mtu mbingu, kwahiyo mtu asiuawe maadamu éraic inapatikana. Yaani ng'ombe 21 wamekaa mahali pa mbingu.

Inawafaa nani? Waliodhulumiwa malipo, wenye nguvu, wasio na jingine. Sitasema haifai kabisa, maana bila huo mkuki kule nyuma sidhani kama njia ya kwanza ingelipwa.

Njia ya nne: kama hajafa (othrus au malipo ya kidonda)

Hapa subirini siku 9 kwanza. Majeruhi anabaki na watu wake, siku ya tisa mganga anatoa kauli. Akifa kabla, mnarudi njia ya kwanza. Akiwa atapona ila bado anahitaji kuuguzwa, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni othrus na kwa kweli mi naipenda. Aliyejeruhi anambeba majeruhi mpaka nyumba ya mtu wa tatu, na kuanzia hapo bili yote ni yake: mganga, chakula kwa kiwango cha cheo cha mgonjwa, watu wanaofuatana naye, pamoja na kumtoa mtu wa kufanya kazi yake nyumbani wakati amelala. Andiko la Bretha Crólige linaingia mpaka chumbani. Kila mgonjwa apate mikate miwili iliyoiva vizuri kwa siku. Ndani humo vichaa na maadui wasiingie, michezo isichezwe, watoto wasichapwe, wake kwa waume wasipigane, mbwa wasigombanishwe wala nguruwe wasipige kelele. Kuna mpaka malipo ya muda ambao mtu aliyeoa amelala mbali na nyumbani na uzazi umesimama! Aliyeyaandika haya aliwahi kuuguza mtu.

Ila siyo kila mtu anachukuliwa othrus. Mfalme, mfua chuma na wengine ambao hamna wa kukaa nafasi yao wanalipwa tu. Kwa wanawake orodha yake ni burudani: mganga wa kike wa túath, mwenye ulimi mkali, mpaka yule anayesemekana anazunguka kwa umbo la mbwa mwitu. Hao nao walipwe kwao, maana nani atakubali kuwaweka nyumbani?

Ya pili ni malipo ya kidonda. Bretha Déin Chécht inapima kidonda kwa punje za nafaka, kimejaa punje ngapi, na punje inatofautiana na cheo: mkubwa kabisa anapimiwa kwa punje ya ngano, wa chini kwa haragwe. Fikiria kidogo utaona mchezo, punje ndogo maana yake punje nyingi kwenye kidonda kilekile. Mganga ana fungu lake humo.

Mzigo kwenye othrus ni mkubwa na wa kila siku kwa mkosaji, kwenye malipo ni mara moja. Othrus inahitaji nyumba ya mtu wa katikati na wadhamini wa pande zote mbili, na ikiharibika mgonjwa wenu yuko mikononi mwa bajeti ya adui. Jueni pia Crith Gablach, mwaka huohuo wa 700 hivi, inasema othrus haifanyiki tena siku hizi, watu wanalipana gharama tu. Kwahiyo mkiitaka kwa nguvu mtaonekana wa zamani, ila kwa mtu asiye na wa kumuuguza mi ningeijaribu.

Sasa nyie mko wapi?

Kama upande wa pili una mali na ukoo mkubwa, chukueni malipo, na msihesabu ng'ombe kabla hamjahesabu wadhamini. Kama mwili ulifichwa, msikubali kuzungumza chini ya cumal 14.

Kama muuaji katoroka, msimkimbize, nendeni kwa baba zake wadogo. Kama ukoo wake ulishamkana, au wote hawana kitu, shikeni mtu wenyewe na mpeleke habari kwa mabwana wenye ardhi.

Kama aliyeuawa ni mwanamke, mtoto au mtu wa kanisa, kuna jambo jipya. Mwaka 697, pale Birr, Adomnán, abati (mkuu wa watawa) wa kisiwa cha Iona, alipitisha sheria yake, Cáin Adomnáin, na wakubwa 91 wakaidhamini. Muuaji wa mwanamke anakatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha anauawa, na bado ukoo wake unalipa cumal 7, au kama adhabu ya mwili imegeuzwa kuwa faini basi ni cumal 14 na toba ya miaka 14. Ina meno kuliko nyingine zote, ila faini zinakwenda kwa watawa wa Adomnán, kwahiyo kama kinachowauma ni njaa nyumbani, dai lenu la kawaida msiliache.

Kama nyie ni wachache na wenzenu wengi, mjane na watoto na kaka mmoja, tafuteni bwana wa kusimama nanyi kabla hamjamwona hata jaji.

Na kama mdaiwa ni mkubwa, wa daraja la nemed, ng'ombe wake huwagusi kirahisi. Kwake unafunga, troscad. Unakwenda kukaa mlangoni kwake bila kula. Akila wakati we uko pale na hajatoa dhamana, deni linakuwa mara mbili, na aliyepuuza mfungaji hadharani hana tena wa kumlipa haki yake naye. Ila akitoka na dhamana iliyo halali, nyanyuka palepale ukale, maana ukiendelea kufunga baada ya hapo dai lako lote limekwisha.